Safu Iliyozimwa Mchana

Habari za kifo cha Ami Salum zilinifikia nikiwa nafundisha. Nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi wangu hapa chuoni Mombasa, nimeshika tyubu ya taa iliyoungua, nawaonyesha ule weusi unaojikusanya kwenye ncha zake, simu ikatetemeka mfukoni. Sikuitazama mpaka kipindi kilipokwisha. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Nakato, kutoka Dubai, na Nakato hatumi ujumbe wa sauti ila pawe na jambo, kwa sababu anasema Kiswahili chake kinaona haya kikirekodiwa. "Dada Rukia," alisema, "mzee wetu amekwenda. Wamemzika jana. Mimi nilikuwa kazini, nikaomba ruhusa, nikafika watu wanatoka makaburini." Nyuma yake nikasikia foklifti ikilia ule mlio wake wa kurudi nyuma. Ujumbe ulikuwa mrefu kuliko hapo lakini niliusimamisha. Nilikaa kwenye kiti, tyubu bado mkononi, nikajipima kama mtu anavyojishika shingo kupima homa. Nilisikia huzuni, huzuni ya kawaida inayouma mahali pake, na nikashukuru kuisikia. Kuna mwaka mmoja ambao ningepokea habari kama hiyo na nisingesikia chochote, na mwaka huo ndio niliomjua Ami Salum.

Sitaeleza nilikotoka wala nilivyosoma. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza eda ya kufiwa na mume miezi michache kabla, na kwamba nyumbani kulikuwa na chumba ambamo sikutaka kulala tena. Kazi ya Dubai ilitokea, nikaikubali bila kuuliza maswali ambayo mtu huuliza. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Nilipanga kitanda International City, katika fleti tuliyokaa wanawake watatu chumba kimoja, na mwenzangu wa kitanda cha jirani alikuwa Njeri, msichana wa Nairobi aliyefanya kazi hotelini huko Marina. Njeri alikuwa na mdomo mwepesi na moyo mkubwa. Nilikuwa siwezi kulala gizani siku zile, basi taa ya darini ilibaki inawaka, naye akajifunika kitambaa usoni na kusema, "Rukia, hii taa utaizima lini? Tunalala ama tunafanyiwa operesheni?" Nilicheka, kwa kuwa nilijua hapo ndipo pa kucheka. Hivyo ndivyo nilivyoishi. Nilijua pa kucheka, pa kushukuru, pa kusema pole. Chakula nilikila chote na sikumbuki ladha yake. Watu waliamini nimejaliwa subira. Siku hizi nikimwona mwanafunzi ametulia kupita kiasi baada ya msiba, simsifu. Namkalisha karibu yangu, nampa kazi ya mikono, nasubiri.

Karakana yetu ilikuwa Al Quoz, katikati ya magereji na maghala, nasi tulitengeneza taa za sehemu kubwa: viwanda, maghala, kumbi za kufungia mizigo. Chini palikuwa na mashine za kukata na kukunja bati, na juu, kwa ngazi ya chuma, palikuwa na chumba cha usanifu, chenye meza mbili, kompyuta moja ya kuaminika na moja ya kubembeleza, na dirisha la ndani lililotazama karakana. Kutoka dirishani nilimwona Ami Salum siku nzima. Alikuwa Mzanzibari wa familia iliyokaa Dubai miaka mingi, mkuu wa mafundi, mwembamba, kofia yake nyeupe haishikwi na vumbi sijui kwa dawa gani. Mimi nikichora, yeye akikunja. Tulikuwa na kawaida moja: mchoro haukuteremka ngazi kwa karatasi peke yake. Niliteremka nao mwenyewe, tukasimama mbele ya mashine na vikombe vya karak, chai nzito ya maziwa, na nikamweleza kila mkunjo kwa nini uko pale. "Nieleze kama unamweleza bibi yako," alikuwa akisema, "maana bati likikosewa halifunguki." Nadhani hapo ndipo nilipojifunza kufundisha.

Basi nikueleze na wewe, kwa sababu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ghala refu lina tabu mbili. Ya kwanza, taa iko mbali na kazi. Ukiitundika juu kabisa bila kuielekeza, nusu ya mwanga wake unapotelea kwenye kuta na darini, mahali ambapo hakuna mtu anayesoma lebo ya katoni. Dawa yake ni bati la kuakisi, lililong'arishwa kama sinia, likakunjwa kwa pembe zinazousukuma mwanga chini kwenye njia nyembamba kati ya rafu. Tabu ya pili ni umeme. Maghala mengi wakati ule yalitumia zile taa kubwa zenye umbo la kengele. Zilikula umeme kwa pupa, na zilikuwa na kiburi: ukizizima, haziwaki tena mpaka zipoe, utangoja muda wa kunywa chai na kuosha kikombe. Sisi tulitaka kuweka mahali pake tyubu nyembamba, unene wa kidole, kadhaa ndani ya kasha moja. Zinakula umeme kidogo, na ukibonyeza swichi zinawaka hapo hapo. Tyubu hizo hupenda joto la kiasi, kama unga wenye hamira. Kukiwa na baridi haziumuki vizuri. Joto likizidi zinafifia, na kile kisanduku kinachoutuliza umeme kabla haujaingia kwenye tyubu, balasti, ndicho kinachokufa kwanza.

Arbab wetu, mwenye karakana, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kusubiri. Makasha yaliyotengenezwa tayari yaliingia kutoka China kila wiki, na yeye alikuwa analisha chumba cha usanifu ambacho bado hakijamlisha. Siku moja alipanda ngazi, jambo alilofanya kwa nadra, akasema kwamba kuna ghala kubwa upande wa pili wa Al Quoz linalotaka kubadilisha taa zake zote. Wakizichukua zetu, chumba kinabaki. Wasipozichukua, khalas, anakifunga, na viza yangu inafutwa. Alisema hivyo kwa upole, mkono juu ya kompyuta ya kubembeleza. Mimi nilikiona kile chumba cha Mombasa, kitanda chake na pazia lake, na nikasema, "Inshallah watazichukua."

Meneja wa ghala lile alikuwa mtu wa mambo yaliyopangwa. Alitaka majaribio: safu moja tu kwanza, juu ya uwanja wa kupakulia mizigo, iwake tangu asubuhi mpaka jioni kwa wiki kadhaa za kiangazi. Siku tulipoitundika aliwakusanya wote, madereva wa foklifti, wapakuzi, walinzi, akaonyesha ubao wa swichi ulioko kando ya meza ya mlinzi. Asiguse mtu. Atakayegusa, safari yake ni ya uwanja wa ndege. Mlinzi wa zamu ya mchana alikuwa Nakato, Mganda. Nilimwona kwa mara ya kwanza siku hiyo, mrefu, sare imenyooka, kichwa kikiitikia, "Yes, sir, yes, sir." Baadaye alinijia nikikusanya vifaa. "Madam, wewe ndiye umetengeneza?" Nikamwambia tumetengeneza wengi. Akaitazama safu. "Inawaka kama mtu aliyeamka vizuri," akasema.

Safu ilifaulu. Wiki zilikwenda, joto la nje likapanda mpaka kitasa cha mlango wa gari kikawa hakishikiki, na hakuna tyubu hata moja iliyofifia. Meneja aliridhika, akaagiza ghala zima. Karakana ilikunja bati mchana kutwa, arbab alileta boksi za kuku na wali kwa mafundi wote, na Ami Salum alinialika kwake Al Baraha siku ya Ijumaa. Kilikuwa chumba kidogo cha mbele chenye mito ya kuegemea ukutani na kiyoyozi kinachonguruma, na mkewe, Bi Zuhura, akaleta bokoboko, samaki wa kukaanga na achari ya ndimu. "Huyu mzee," aliniambia, "kazini anakunja mabati ya watu, hapa nyumbani hata shuka hajawahi kukunja." Ami Salum akajibu kwamba shuka halina pembe kamili. "Pembe anazijua akiwa analipwa," Bi Zuhura akasema, akaniongezea samaki bila kuniuliza. "Kula, mwanangu. Unakula kama mtu anayesaini karatasi." Sijamsahau kwa hilo neno. Hakuna aliyewahi kuniona sawasawa hivyo mwaka ule.

Kisha taa zikaanza kufa. Safu mpya, zile za juu ya rafu, zilikuwa hazijamaliza hata majuma machache. Kwanza moja ikawa inapepesa, halafu jirani yake, halafu kasha zima likalala. Tukabadilisha balasti, zikafa tena. Ile safu ya kwanza, ya majaribio, ikaendelea kuwaka kama bibi harusi. Bati lile lile, tyubu zile zile, balasti za katoni moja. Meneja alipiga simu kwa arbab, na kutoka juu nilimsikia arbab akisema "la, la, la" kwa sauti ya mtu anayerudi nyuma. Aliyokuwa akiambiwa yalikuwa mepesi kueleweka: mlitundika nzuri kwa maonyesho, mkaleta takataka baadaye. Kwa fundi hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Ami Salum alikaa juu ya rundo la mabati, kofia mkononi, na kichwa chake kitupu kilionekana kidogo sana. "Miaka yote hii," alisema, "sijaambiwa mwizi."

Tuliitwa tukajieleze baada ya siku chache. Mimi nilisema nitakwenda ghalani kwanza kuziangalia taa zikiwa zimewaka, saa ya joto kali, kwa sababu niligundua kwamba sijawahi kufika pale saa hiyo. Tulikwenda asubuhi siku zote. Kiangazi, kazi za juani husimamishwa mchana, kila mtu hujificha, na mimi na karakana nzima tulijificha pia. Nilishuka kwenye teksi saa saba na ushee, nikaingia kwa mlango mdogo wa pembeni. Kwenye njia za rafu mwanga ulikuwa umejaa, wenye mapengo. Upande wa kupakulia palikuwa na giza la kivuli, kama chini ya kitanda. Safu yetu ya majaribio ilikuwa imezimwa. Chini yake, juu ya katoni zilizotandikwa, walilala watu. Walikuwa wapakuzi wa yadi, waliokuwa wakishusha makontena juani tangu alfajiri, wengine na viatu vyao kichwani kama mto, vinywa wazi, kifua cha mmoja kikipanda na kushuka ndani ya fulana iliyochorwa ramani ya chumvi. Nakato alikuwa amesimama kando ya ubao wa swichi. Aliponiona aliweka kidole mdomoni, kabla hajakumbuka mimi ni nani. Alipokumbuka mkono wake ulishuka polepole.

Alinivuta nyuma ya rafu. "Madam, tafadhali. Tafadhali sana." Nikamwuliza imekuwa hivi tangu lini. "Tangu siku ya pili. Zile taa za zamani hazikubali, ukizima zinakasirika, zinakaa sana ndiyo zirudi, sir angejua. Hawa walikuwa wanalala na katoni usoni. Sasa hizi zako, nazima, wanalala, muda ukifika nawasha, paa! Hakuna anayejua. Nikasema asante Mungu, mtu amefikiria wafanyakazi." Alikuwa ananisifu. Nilisimama pale nikaona hesabu yote ikijipanga yenyewe. Safu ya majaribio haikuwahi kuwaka saa ya joto kali hata siku moja. Kila mchana, bati la paa likichemka, ilikuwa imepumzika pamoja na watu. Tulikuwa tumeipima taa iliyolala. Na iliyoilaza ni ile sifa tuliyojivunia kuliko zote, kwamba ukiizima inakubali, na ukiiwasha inakubali.

"Sir akijua?" nilimwuliza, ingawa nililijua jibu. Nakato aliitazama lanyadi yake, ile kamba ya kitambulisho shingoni. Alieleza bila kulia, kwa Kiswahili chake kilichokuwa kikitafuta maneno, kwamba kabla ya hapo alifanya kazi za nyumbani, kwa madam ambaye hakutaka kumtaja jina, katika chumba kisichokuwa na komeo. Kazi hii ya ulinzi ilikuwa na kambi, na kambi ilikuwa na mlango. "Hapa ndiyo mara ya kwanza nalala na mlango nimefunga mimi, kwa ndani," alisema. "Mimi ni pacha, madam. Nakato ni yule wa pili. Dada yangu huwa anasema wa pili anakuta mlango uko wazi. Mimi nimekuta wa kufunga." Akajaribu kucheka. Nilijua hapa si pa kucheka, na zaidi ya hapo sikujua kitu. Nilimwambia awashe muda ukifika, kama kawaida.

Jioni ile nilikwenda moja kwa moja Al Baraha. Nilimweleza Ami Salum kila kitu, tukiwa na bakuli la tende katikati, na Bi Zuhura akisikiliza kutoka jikoni kwa mlango ulioachwa wazi makusudi. Jambo lilikuwa wazi mno. Tukisema safu ilizimwa mchana, jina letu linasafika: makasha ni yale yale, hatukumdanganya mtu, majaribio yaliharibiwa na mtu wa kwao. Huenda hata gharama ya kurudia ingewaangukia wao. Na Nakato angepandishwa ndege wiki hiyo hiyo. Tusiposema, tutabaki na aibu, tutabadilisha makasha yote kwa hasara ya arbab, na chumba cha usanifu kitakwisha. Ami Salum alikuwa akitoa kokwa za tende na kuzipanga ukingoni mwa sahani. "Wewe ndiwe utakayerudi nyumbani, Rukia," alisema. "Mimi nitapata karakana nyingine, mtu wa bati hakosi. Sema wewe." Kutoka jikoni Bi Zuhura akasema, "Mwache ale kwanza." "Anafikiri, mke wangu." "Hafikiri, namwona."

Bi Zuhura alisema kweli. Sikufikiri. Watu walionijua baadaye wameniambia lile lilikuwa tendo la ujasiri, nami huwaeleza kwa upole kwamba hawajui bei niliyolipa, kwa sababu sikulipa. Mwenye ujasiri ni yule anayeogopa. Mimi niliweka mambo mawili mbele yangu, chumba cha Mombasa na mlango wa Nakato, nikayatazama kama mtu anayetazama pea mbili za viatu dukani, na moja ilikuwa wazi kwamba tayari ni ya mtu mwingine. "Tuseme hatukupanda juu mchana," nikasema. "Na ni kweli, hatukupanda." Ami Salum aliivaa kofia yake. "Basi tupande," akasema, "tusiende kusema tusilolijua."

Kwa hiyo siku iliyofuata tulipanda, mchana, kwenye jukwaa la kuinulia mafundi, yeye na mimi na kipimajoto. Sisahau. Kadiri tulivyokwenda juu hewa ilizidi kuwa nzito, mpaka tulipofika usawa wa makasha ikawa kitu cha kusukuma kwa uso. Bati la paa lilikuwa hapo karibu, likilia kidogo kidogo kwa kutanuka. Nilishika ukingo wa jukwaa nikaungua kiganja, na nikaushika tena. Ami Salum aliniuliza nafanya nini. Sikuweza kumweleza kwamba ninasikia. Joto lile lilikuwa limenipata mahali ambapo pilipili za Bi Zuhura na mizaha ya Njeri hazikufika. Nilitaka kubaki. "Shuka, mwanangu," alisema akibonyeza kitufe, jasho likidondoka kidevuni, "tumepanda unga, tusishuke mkate." Kipimajoto kilikuwa kimepita mbali kile ambacho balasti yoyote ingevumilia. Chini, katika kivuli, watu walilala.

Mkutano ulikuwa mfupi. Meneja aliweka balasti zilizoungua juu ya meza kama mtu anayetandaza karata. Nilimweleza kwamba tuliyapima makasha asubuhi, joto la mchana likiwa halijafika, na kwamba mchana huo hakuna aliyepanda. Nilimwonyesha tulichokiona juu. Akauliza swali ambalo nililingojea: "Na safu ya kwanza? Mbona nzima?" Arbab alinigeukia. Ami Salum aliangalia mikono yake. Nikasema, "Nayo itakufa, sir. Ni ya namna moja na zile nyingine. Tutaishusha pia." Sauti yangu ilikuwa tulivu kama ya mtangazaji wa bei za soko. Meneja alinitazama, akaona hakuna kitu usoni, na kwa kuwa hakukuwa na kitu, akaamini. Pembeni, karibu na mlango, Nakato alikuwa amesimama kwa zamu yake, macho mbele, na kamba ya lanyadi ilikuwa imezungushwa kidoleni mpaka kidole kikageuka rangi.

Tulichora upya. Hiyo ni kazi ambayo bado ninaionyesha darasani, kwa sababu ni nzuri, na naruhusiwa kusema hivyo kwa kuwa nusu yake ni ya marehemu. Tuliyashusha makasha kwa fimbo ndefu yakae chini ya lile tabaka la hewa iliyochemka. Tuliichomoa balasti ndani ya kasha tukaifunga kwenye nguzo, chini zaidi, ambako kuna ubaridi kidogo. Juu ya bati la kuakisi tuliacha mianya ili joto la tyubu lipande na kwenda zake. Na kwenye mchoro, mwisho kabisa, nikaongeza jambo moja ambalo hatukuombwa. Safu ya uwanja wa kupakulia niliipa swichi yake ya peke yake, na kando yake nikaandika kwamba izimwe na mlinzi wa zamu kila mchana kazi ya upakuzi inaposimama, ili kuokoa umeme. Nilipomteremshia Ami Salum mchoro, nikaanza kumweleza kila mkunjo kama kawaida, alinikatiza nilipofika hapo. "Hii usinieleze," alisema. Meneja aliisoma ile sentensi mara mbili. Aliipenda kuliko yote mengine. Akamwita Nakato, akamkabidhi swichi mbele ya watu, akamwonya asisahau hata siku moja. "Yes, sir," Nakato akasema, uso umenyooka kama sare yake.

Makasha mapya yaliuvumilia mchana, na kiangazi kilichofuata yalikuwa bado mazima, nilikuja kuambiwa. Lakini arbab alikuwa amelipa ghala moja mara mbili, na alitimiza aliyoyasema. Alikifunga chumba cha usanifu bila makelele, akanitafutia tiketi nzuri, akaniombea dua. Siku yangu ya mwisho ya kazi nilikwenda ghalani kuaga, na kwa kuwa nilijua wakati mzuri ni upi, nilifika mchana. Nakato alikuwa amenitengea wali na maharage kwenye kontena la plastiki, akanisimamia mpaka nilipomaliza. Maharage yalikuwa na chumvi nyingi. Nilimwambia. Akaruka. "Sasa umeanza kuonja!" Halafu akanionyesha pembeni, mbali kidogo na wanaume, ambapo alikuwa ametandika katoni mbili safi. "Lala kidogo, dada. Wewe macho yako hayajalala tangu nikujue." Alikuwa ameacha kuniita madam, na sijui aliacha siku gani. Nilijilaza. Alibonyeza swichi, safu yetu ikazimika yote kwa pamoja, na nikaogopa. Ilikuwa hofu halisi, ya mwilini, ya giza na ya chumba ninachorudia. Nilikuwa nimeisahau. Nikalala nayo. Nilipoamka shavu langu lilikuwa na mistari ya katoni, na kola ya blauzi imelowa, na Nakato hakusema neno juu ya hilo.

Nilirudi Mombasa, nikalala katika kile chumba. Kilikuwa kibaya kama nilivyodhani, na mwishowe kikawa chumba tu. Taa za tyubu nazo hazikukaa sana. Zikaja hizi za LED, ndogo, zisizotaka balasti za aina ile wala tyubu, na wanafunzi wangu hunicheka nikishika zile za zamani kwa mikono miwili. Wacheke, ni haki yao. Huwaambia wasiwe na haraka ya kupenda taa kwa jinsi inavyowaka. Wapande kuiangalia saa ambayo kila mtu amejificha, na wakishuka waulize nani analala chini yake.

Jana jioni nilimalizia kuusikiliza ule ujumbe. Nakato sasa ndiye msimamizi wa walinzi. Alisema Bi Zuhura yuko sawa, anaketi na wanawe, na kwamba makaburini kulikuwa na mafundi wengi sana wa bati, wazee, wote wamevaa kofia. Alisema ghala lilibadilishwa taa zote, makasha yetu yakashushwa na kupakiwa kwenye lori. "Lakini wale mafundi wapya walifuata mchoro wako, dada. Ile swichi wameiacha. Sir mpya haulizi hata kwa nini, anasema ndiyo utaratibu wa hapa." Kisha akavuta pumzi. "Sasa wacha nikuage. Muda umefika. Wamechoka."

Hakusimamisha kurekodi. Nilisikia viatu vyake vikitembea juu ya sakafu ya saruji, vikasimama, swichi ikalia, na mtu mmoja mbali akasema kitu kwa lugha nisiyoijua, taratibu, kama anayeshukuru. Baada ya hapo zilibaki pumzi za watu, na sekunde chache za ghala likiwa kimya.